Ruti ya mkataba au ajira ya Posta yenyewe: naomba ushauri

Kutoka: Mdogo wenu, Iowa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu. Katika mji tunaoishi, Posta ya Marekani imetangaza zabuni ya ruti ya kugawa barua vijijini, mkataba wa miaka minne. Ofisi hiyohiyo inatafuta pia wasaidizi wa wagawaji barua, wale wanaoitwa RCA. Nikilinganisha, mkataba una hela nyingi kuliko malipo ya saa ya RCA. Mke wangu ni mjamzito, gari tunalo moja, grini kadi ninayo. Ningekuwa mdogo wenu wa tumbo moja, mngeniambia nichukue kipi?

Kutoka: Dada wa Minnesota
JIBU: Ruti ya mkataba au ajira ya Posta yenyewe

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa ujauzito. Nitaandika kirefu kwa sababu mume wangu alishika ruti ya mkataba na mimi ni mwajiriwa wa Posta, kwa hiyo pande zote mbili tumeziishi nyumbani kwetu.

Kwanza, hela ya mkataba si mshahara, ni mapato ya biashara. Posta inakulipa bei mliyokubaliana kwa mwaka, basi. Gari, mafuta, matairi na bima ni juu yako, na siku ukiugua, wa kukushikia ruti unamtafuta na kumlipa wewe. Mwisho wa mwaka unaripoti kama mtu aliyejiajiri, kwa hiyo mchango wa hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee) unaulipa pande zote mbili, wa mwajiriwa na wa mwajiri: asilimia 15.3, wakati mwajiriwa anakatwa 7.65. Tena hakuna anayekukata kidogo kidogo. Unaupeleka mwenyewe kila robo mwaka, pamoja na kodi ya mapato.

Chukua karatasi tupige hesabu ya mfano. Tuseme mkataba ni dola 48,000 na ruti ni maili 60 kwa siku, siku sita kwa wiki ukiondoa sikukuu. Hizo ni kama maili 18,000 kwa mwaka. Kiwango cha mamlaka ya kodi kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, na ni kipimo kizuri cha gharama ya gari: mafuta, uchakavu, bima na matengenezo. Zinaondoka kama dola 12,600. Zimebaki 35,400, na kodi ya kujiajiri inachukua karibu 5,000. Uko kwenye 30,000 na kidogo, na hapo hujalipa kodi ya mapato, hujalipa bima ya afya, hujamlipa mtu wa kukushikia ruti Jumamosi. Weka namba za ruti yako halisi uone kinachobaki.

Na usizabuni chini ukidhani utapandishiwa baadaye. Mikataba hii ni ya zamani sana. Tangu sheria ya mwaka 1845 Posta ilitakiwa kumpa kazi mwenye bei ya chini atakayefikisha barua haraka, kwa uhakika na kwa usalama. Makarani wakawa wanaweka nyota tatu daftarini badala ya kuandika maneno hayo, ndiyo maana wazee huku bado wanazitaja ruti za nyota. (Mary Fields, mama Mweusi aliyezaliwa utumwani, alipata mkataba wa namna hiyo Montana mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka sitini na kitu. Namheshimu sana mama yule.) Ukishusha bei ili ushinde, utaishi na bei hiyo mpaka mkataba uishe.

Upande wa ajira, nao usiupambe. RCA si mfanyakazi wa kudumu. Anamshikia zamu mwenye ruti, saa hazina uhakika, Jumapili anaweza kuitwa kusambaza vifurushi, na kuna ofisi ambazo watu wamesubiri miaka kupata ruti yao. Pensheni haianzi kuhesabika hapo. Kabla hujasaini muulize mkuu wa posta ana wasaidizi wangapi mbele yako, na ni nani anakaribia kustaafu. Swali hilo halina adabu mbaya, wanalizoea.

Lakini ukishakuwa wa kudumu, mambo ni mengine. Bima ya afya ya familia ambayo mwajiri anachangia sehemu kubwa. Pensheni ambayo haki yake unaipata baada ya miaka mitano ya utumishi. Akiba ya uzeeni ambayo ukiweka asilimia 5 ya mshahara, Posta nayo inaweka 5. Ukiumia kazini, kuna fidia ya serikali, ingawa hiyo hata RCA anayo. Na likizo: siku 13 kwa mwaka mwanzoni, 20 baada ya miaka mitatu, mbali na siku za ugonjwa.

Kwetu sisi likizo ndiyo ilikuwa kiini. Baba mkwe alipofariki nyumbani, mume wangu hakuweza kuondoka, kwa sababu barua haisubiri msiba na mtu wa kumshikia ruti lazima awe amechunguzwa na kuidhinishwa na Posta kabla. Huwezi kumpa funguo binamu yako ukapanda ndege. Ukichukua mkataba, mtafute mtu huyo na umpitishe kwenye ukaguzi mwezi wa kwanza kabisa, kabla ya shida.

Kwa hali yako, mtoto njiani na gari moja, mimi ningekwenda kwenye ajira. Mkataba unamfaa mwenye mwenzi ambaye tayari ana bima ya afya kazini, mwenye gari la akiba na mtu wa kumsaidia. Maombi ni kwenye tovuti ya Posta yenyewe, mtihani wa kuomba kazi ya ugawaji barua unaitwa 474, unafanyika mtandaoni, na ni bure. Anayekuomba hela ya mtihani ni tapeli.

Kutoka: Kaka wa Ohio

Dada kasema vizuri. Niongeze njia ya tatu: kuendesha gari la kampuni yenye mkataba na Posta. Hapo wewe ni mwajiriwa wa kampuni, na sheria ya 1965 ya mikataba ya huduma inaweka kima cha chini cha mshahara pamoja na kiasi cha mafao kwa kila saa. Karatasi ya viwango hivyo inatakiwa kuwekwa wazi kazini. Iombe, usome mstari wa mafao, ulinganishe na hati yako ya malipo. Sheria hiyo haimlindi mwenye mkataba anayejiendeshea mwenyewe.

Kutoka: Mdogo wenu, Iowa

Asanteni sana wakubwa. Nimepiga hesabu ile na mke wangu, tumeona tofauti. Swali moja tu: RCA nitatumia gari langu?

Kutoka: Dada wa Minnesota

Inategemea ruti. Nyingine zina gari la Posta, usukani kulia kama tulivyozoea nyumbani. Nyingine unatumia lako na unalipwa posho ya gari. Kama ni lako lenye usukani kushoto, masanduku ya barua yapo upande wa kulia, utakaa katikati ya viti ukinyoosha mkono siku nzima, na mgongo utalipa. Waulize kabla hujakubali, na bima ya gari lako iambie kwamba unagawa barua.