Ushauri: Mzee wangu ana COPD, wajukuu wakipata mafua yeye analazwa

Kitinda_Mimba: Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu ana miaka 68, sigara alishaacha, lakini ilimwachia ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba. Siku za kawaida anajimudu. Shida ni mafua. Wajukuu wanapiga chafya huku wanacheza, yanaisha. Yakimfikia yeye, kifua kinabana, makohozi yanajaa, tunaishia wodini kwenye oksijeni. Kaka zangu wanataka watoto wasikanyage kwake kabisa. Mzee hataki hata kusikia. Chanjo ya flu nayo kaikataa, eti ilimpa homa. Tufanyeje?

Mzee_wa_Tiba: Pole mkuu. Mjifukize asubuhi na jioni, chanjo achaneni nazo.

Nesi_wa_Zamu: Mvuke hauui virusi, na mzee anayehema kwa shida anaweza kuungua bure. Tusipotezeane muda.

Mleta uzi, ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Moshi umeviharibu. Kirusi kikiingia, kuta zinavimba na makohozi yanazidi. Mwenye mapafu mazima bado ana nafasi ya kupitisha hewa. Mzee wako njia ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Wala si lazima kiwe kirusi cha kutisha. Rinovirusi, vile vya mafua ya kawaida, vinawalaza sana watu wa COPD. Ongeza flu, korona na RSV, kirusi cha njia za hewa ambacho wengi wanadhani ni cha watoto wachanga tu.

Sindano ya flu haina kirusi kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kumpa flu. Homa ndogo ya siku moja mbili ni mwili unajenga kinga, kazi inayochukua kama wiki 2. Inarudiwa kila mwaka. Aulizie na ya nimokoko, bakteria wa nimonia, na ya RSV, ambayo Marekani iliidhinisha kwa wazee mwaka 2023, kama inapatikana mlipo.

Bibi_Maua: Mwanangu, msimnyime wajukuu, upweke nao ni ugonjwa. Kwetu mwenye mafua haendi kwa babu mpaka apone. Wazima wanakwenda, wananawa mikono, madirisha yako wazi.

Njiwa_Pori: Mnawasingizia watoto tu! Wakubwa ndio wabaya, mtu anakohoa sebuleni halafu anasema "ni vumbi".

Nesi_wa_Zamu: @Njiwa_Pori kweli kabisa 😂 Na flu huambukiza hata siku moja kabla mtu hajaanza kuumwa, ndiyo maana kunawa ni kwa wote.

Kitinda_Mimba: Asanteni sana. Kuna antibayotiki zilibaki kabatini. Mafua yakianza tu, nimpe?

Nesi_wa_Zamu: Usimpe. Haziui virusi. Daktari huziandika akiona dalili za bakteria, mfano makohozi kuongezeka na kugeuka ya usaha. Ombeni kliniki mpango wa maandishi: dawa ipi ya kuvuta aongeze, steroidi za vidonge (za kupunguza uvimbe) aanze lini, mpigie nani simu. Msisubiri "tuone kesho", kwa sababu dawa ya virusi vya flu hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikibadilika rangi, akisinziasinzia au kuchanganyikiwa, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Na kama mna mtungi wa oksijeni nyumbani, msiongeze wenyewe mkitafuta oksijeni ya damu ifike asilimia 100. Wagonjwa wengi wa COPD wakizidiwa hulengwa asilimia 88 hadi 92. Ikizidi, kabonidayoksaidi inaweza kulundikana mwilini.

Njiwa_Pori: Mwambie pia avute inhela yake mbele ya daktari. Mama yangu dawa ilikuwa inaishia kooni, alipopewa lile chupa la plastiki la kuvutia dawa ndipo tukaona tofauti.

Kitinda_Mimba: Hilo la inhela hatujawahi kuangaliwa. Jumatatu ana kliniki, naenda naye. Kuhusu chanjo, nadhani nimtume mjukuu akamshawishi, sisi hataki kutusikiliza.