Mji wa Zanzibar tunauharibu wenyewe, kisha tunaoneana muhali

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Kila masika yanapoingia, simu zetu hujaa picha za gari zilizozama hadi vioo, magodoro yaliyoanikwa juu ya kuta na watoto wa skuli wanaovushwa njia mgongoni, na chini ya kila picha huandikwa maneno yale yale: serikali iko wapi, manispaa inafanya kazi gani, fedha za mitaro zimeliwa na nani. Maswali hayo ni ya haki, na mtu asinielewe kwamba nimekuja kuitetea serikali. Ninachokikataa ni tabia ya mlalamikaji kujitoa mwenyewe katika hesabu, kana kwamba mji huu umejengwa na kuchafuliwa na watu waliokuja usiku wakaondoka kabla ya alfajiri. Yapo mambo ambayo kila mkaazi wa Mjini Magharibi anayajua na huyazungumza kwa sauti ya chini kwenye gahawa, kisha huyakana akiulizwa mbele za watu. Leo nayaandika, na anayetaka kukasirika akasirike.

Nianze na ardhi, kwa kuwa hapo ndipo penye uongo mkubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi ukiwa na watu 593,678, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta watu 893,169. Hao ni karibu laki tatu zaidi katika miaka kumi, ndani ya mkoa ambao kwa eneo ndio mdogo kuliko mikoa yote ya Zanzibar. Watu hao wamejenga Fuoni, Tomondo, Kinuni, Mtopepo na kwengineko, tena sehemu kubwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba. Nani aliyeyauza mashamba yale? Kwa sheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa ili zilimwe. Waliozikata vipande ni watoto na wajukuu wa waliopewa, yaani sisi, na walionunua vipande hivyo ni sisi pia, na aliyekaa katikati akachukua chake ni dalali ambaye tunasali naye safu moja.

Biashara yenyewe kila mtu anajua inavyokwenda. Dalali anakuja na mnunuzi, kamba inavutwa kutoka shina la mnazi hadi shina la mwembe, karatasi inaandikwa kwa mkono, mashahidi wawili wanatia saini, sheha, yaani kiongozi wa mtaa, anapiga muhuri, na siku ya pili matofali yameshateremshwa. Hakuna anayeuliza gari la zimamoto litapita wapi, maji ya mvua yatateremkia upande gani, wala skuli itajengwa wapi watoto watakapofika umri wa kusoma. Njia inayobaki baina ya nyumba na nyumba ni upenyo wa kupitisha jeneza, na pengine hata jeneza hulazimika kuinuliwa juu ya ukuta. Wazee wa pale humwambia mnunuzi waziwazi kwamba bonde lile lilikuwa likilimwa mpunga. Mpunga, jamani, zao ambalo halitaki ila mahali maji yanapotuama! Naye huitikia, hushukuru, kisha huchimba msingi. Masika ya mwanzo maji yakimfuata hadi kitandani, huyo ndiye wa kwanza kuwaita waandishi wa habari.

Na akishapata fedha kidogo huwa hatafuti njia ya kuyaondoa maji, bali hutafuta njia ya kuyapeleka kwa jirani. Huagiza gari tatu nne za kifusi, huinua ua wake, hupandisha kizingiti, na maji yaliyokuwa yakilala kwake yakahamia nyumba ya pili. Jirani naye akijaaliwa huinua zaidi. Ipo mitaa, na wakaazi wake watanielewa bila ya kuitaja, ambayo nyumba zilizoanza kujengwa sasa zimo shimoni, dirisha liko usawa wa njia, na ndani anaishi bibi kizee ambaye hana cha kununulia kifusi. Waliomzamisha bibi huyo ndio wanaomchangia futari kila Ramadhani.

Tusijidanganye kwamba mji huu ulikosa ramani. Tangu enzi za Waingereza ulipangwa mwaka 1923, ukapangwa tena 1958, baadaye wakaja Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968 na Wachina mwaka 1982. Kila utawala uliopita umeacha mpango wake, na majumba marefu ya Michenzani yanaonesha kwamba pale serikali ilipoamua jambo, zuri au baya, liliweza kusimama. Lakini mipango hiyo ilihitaji watu wa kuiheshimu pamoja na watendaji wa kuisimamia, na hapa ndipo ninapoilaumu serikali kwa kinywa kipana: inaiona nyumba ikiinuka katika njia ya maji tangu jiwe la kwanza, inaipelekea umeme, inaipelekea bomba, kisha baada ya miaka inakuja na rangi nyekundu kuandika alama ya kubomoa. Kijana wa ofisini aliyepaswa kuzuia ni mtoto wa mjomba wa mwenye nyumba. Kumzuia ni muhali.

Maji tunayoyanywa nayo yana habari yake. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, na kinachomwagwa juu hushuka chini haraka bila ya kuchujwa ipasavyo. Tunalijua hilo, na bado katika kiwanja kimoja kisichotosha hata kuegesha gari mbili utakuta karo la choo pembe hii na kisima pembe ile, kisha jirani naye amechimba karo lake nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kisima cha mwenziwe. Bomba la serikali likikauka siku nne tunakunywa kutoka kisima hicho na kusifu kwamba maji yake ni baridi. Kipindupindu kimekuwa kikiturudia tangu mlipuko wa mwanzo wa mwaka 1978, na nchi imejiwekea lengo la kukitokomeza ifikapo mwaka 2027. Sijui tutakitokomeza vipi ikiwa mwenye nyumba ya kupangisha anaweka wapangaji wa vyumba vinane kwenye choo kimoja, karo limejaa hadi linatapika njiani, na tunaopita tunanyanyua nguo na kusema "subhanallah" bila ya kumgongea mlango.

Kuhusu taka ninajizuia nisitukane. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, wakati wenzetu wa bara walifika huko mwaka 2019, na tunapenda kuwakumbusha hilo. Sasa nenda ukaangalie mtaro wowote wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, asubuhi baada ya mvua kubwa. Utaona chupa za maji, makaka ya madafu, vitambaa vya mafundi cherehani, utumbo wa samaki na nepi za watoto zilizovimba kama mito ya kulalia, vyote vimekwama kwenye kalvati moja na maji meusi yanapita juu yake kuelekea majumbani. Mitaro mikubwa ilijengwa kwa mkopo ambao wajukuu wetu watausaidia kuulipa, nasi tukaigeuza jaa. Jirani mmoja mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, humpa mtoto ndoo baada ya Isha na kumwambia akamwage mtaroni upesi kabla watu hawajatoka msikitini. Mtoto huyo amefundishwa mambo mawili kwa mara moja: kwamba jambo hilo ni baya, na kwamba linafaa kufanywa ikiwa huonekani. Mkusanya taka akija kudai ada yake ya mwezi, mlango huo huo haufunguliwi.

Kuna watakaosema kwamba wanaochafua ni wageni. Hii ni hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inawapa watu raha ya kutofikiri. Tunasema watu wa bara wametujazia mji, na wengine, kwa aibu kubwa zaidi, wanasema hivyo hivyo juu ya Wapemba, ambao hii ni nchi yao kama ilivyo yetu. Lakini nani anayewapangisha vyumba? Fundi anayetujengea, msichana anayetulelea watoto, kijana anayetuzolea taka na anayetuchimbia karo ni nani? Tunawachukua kwa sababu tunawalipa kidogo, tunawaweka katika vibanda visivyo na choo, kisha tunashangaa wanakwenda wapi haja ikiwabana. Kazi zile zile ambazo tunalalamika wametunyang'anya, vijana wetu walizikataa tukiwaunga mkono, kwa kuwa mtoto wa mjini eti hawezi kuonekana na koleo.

Na tukishafika kwa vijana, hapo ndipo baraza zima hunyamaza. Unga, yaani dawa za kulevya, umeingia mji huu kwa miongo mingi, na familia iliyosalimika kabisa sasa ni ya kutafutwa. Kijana akianza kuuza vyombo vya mama yake tunasema karogwa, au ana shetani, au tunamficha shamba kwa jamaa hadi maneno yapoe. Anapelekwa kwa mganga huyu na yule, na huko kote anakopelekwa ugonjwa unazidi, ilhali zipo nyumba za kuwasaidia waraibu waache na ipo huduma ya methadoni, dawa ya kuwasaidia waache unga, hapa hapa mjini. Lakini kumpeleka huko ni kukiri, na kukiri tunaona ni fedheha kubwa kuliko maiti. Anayewauzia naye hajifichi. Mtaa mzima unaijua nyumba yake na gari yake, na unajua hana duka wala shamba. Akitoa mchango wa harusi tunaupokea, akinunua mazulia ya msikiti tunamwombea dua, na akipita tunamwamkia kwa jina la mzee wake. Mama ambaye mwanawe amekufa kwa unga wa mtu huyo hukaa naye jamvi moja kwenye matanga, na hakuna anayethubutu kusema neno.

Mji Mkongwe nitaupitia kwa ufupi, maana umeshaliliwa vya kutosha, na wengi wa walioulilia ni waliouhama. Mwaka 2000 uliingizwa katika urithi wa dunia, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ikaporomoka na kuua watu. Siku ile kila mtu alikuwa mtaalamu wa hifadhi. Waliolia ndio hao hao ambao wamepiga saruji juu ya kuta za mawe na chokaa, saruji ikafungia unyevu ndani hadi ukuta ukaoza. Ndio waliojenga bafu ghorofani na kupandisha tangi la maji juu ya boriti za mikoko zilizowekwa na mababu. Na ndio waliogombana ndugu wanane juu ya nyumba moja ya mirathi, kila mmoja akikataa kutoa hata shilingi ya kuziba dari, hadi nyumba ikawaamulia. Wengine wameshaiuza ikawa hoteli, na leo wanapita nje yake wakisema watalii wamewafukuza. Hawakufukuzwa na mtu, walitia saini.

Badala ya kuyasema haya, barazani tunahadithiana kwamba tulikuwa na maji ya bomba kutoka chemchem enzi za Barghash, na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati wengine Afrika hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Ni kweli, na ninajivunia kama mwengine yeyote. Lakini nimeona mtu akisimulia habari ya Barghash na mfereji wake hali amejiunganishia maji kinyume cha sheria kutoka bomba kuu, mita hana, na mtaa wa chini yake hawapati tone.

Najua nitaambiwa nimewavua watu nguo, kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje, na kwamba mimi huenda si mzaliwa. Mwengine atakuja na orodha ya viongozi walioneemeka, na mengi katika orodha hiyo huenda ikawa kweli. Simkatazi. Ninachomwomba kila atakayejibu ni kwamba kabla ya kuitaja serikali aeleze kwanza kiwanja chake kilipimwa na nani, karo lake liko hatua ngapi kutoka kisimani, na taka za nyumbani kwake jana usiku zilikwenda wapi.