Mama anataka kuiona Mafia mwisho wa Aprili, kimbunga kinanitia wasiwasi

Mchaga_wa_Machame: Habari zenu wakuu. Nimemwahidi mama kumpeleka Mafia mwisho wa Aprili. Sasa dada yangu amekuja juu, anasema Kimbunga Hidaya kilitua hapohapo Mei 2024, nawezaje kumpeleka mzazi huko? Wenyeji, niahirishe? Na tukija, tupande boti ya Nyamisati au ndege?

MamaUtende: Karibu mwanangu. Mimi mzaliwa wa Mafia, napokea wageni Utende, na Hidaya kilinikuta hapahapa. Kilitua tarehe 4 Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza mapema, kwa hiyo mashua zilipandishwa juu, ngalawa zikafungwa kwenye mikoko, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuvuka kwenda kisiwa cha Chole. Mapaa ya makuti yaling'oka, lakini watu walikuwa wameshajiweka sawa.

Kimbunga kutua kwetu ni nadra. Vingi hugeukia Madagaska au Msumbiji. Hata Kenneth, Aprili 2019, kilipita kaskazini ya Ngazija kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji. Lakini vinakuja: Unguja iling'olewa mikarafuu mwaka 1872, na Lindi ilipata chake 1952.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni kile kipande cha bahari kati ya Nyamisati huko bara na Kilindoni, bandari yetu hapa Mafia, wakati wa masika, kusi ikianza kushika. Mgeni ana ndege ya kwao kesho yake, anaanza kumbembeleza mwenye chombo, anapandisha bei ili watoke tu. Mwanangu, nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Usimwonyeshe hela.

Mama mlete kwa ndege. Acha siku mbili tatu wazi kabla ya shughuli yoyote ya lazima bara, maana mvua ikikaza hata hizo ndege ndogo haziruki. Dawa zake zizidi siku za safari, na uwe na fedha mkononi, kwa sababu umeme ukikatika na mtandao unakwenda nao. Chumba kiwe cha ukuta wa mawe au matofali. Banda la makuti lililokaa juu ya mchanga linapendeza kwenye picha, ila si la masika.

Mwalimu_Kilwa: Naongeza kwa wanaotaka kuunganisha Mafia na Kilwa kwa gari. Hidaya hicho hicho kilikata barabara kuu Somanga, magari yakalala njiani. Upepo ulishatulia, maji ndiyo yaliyotutesa.

Mchaga_wa_Machame: Shikamoo mama, asante sana. Na tsunami je? Dada ameileta hiyo pia.

MamaUtende: Marahaba mwanangu. Tarehe 26 Desemba 2004 ilifika pwani yetu, na Dar es Salaam watu waliokuwa wakiogelea walikufa. Tetemeko lilikuwa mbali, Sumatra; huku wengi hawakusikia ardhi ikitikisika. Ndiyo maana namfundisha kila mgeni saa za maji siku anayofika: leo yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Ukiyaona yanatoka wakati si wake, yakaacha samaki wanarukaruka kwenye matope, usiende kuangalia. Mshike mama mkono mpande juu, na msirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa sababu huja mengine.

Saa za maji zitakufaa hata siku ya kawaida. Wakati wa bamvu, siku maji yanapojaa na kupwa sana, yakitoka kwenye ghuba ya Chole, mlango wa Kinasi unaotokea bahari kuu unavuta kwa nguvu hata mwogeleaji hodari. Mama akitaka kuoga, aoge maji yakiwa yamesimama, tena karibu na ufukwe.

Halafu niulize mimi: anakuja kuona nini? Kama ni papa potwe, wale papa wakubwa wapole, Aprili mwishoni wengi wameshaondoka. Mlete Novemba au Desemba, bahari imelainika na potwe wako Kilindoni. Kama ni Chole, na magofu ya mji wa kale wa Kua kule kisiwa cha Juani, hata Aprili njooni, mradi siku za ziada ziwepo.

Mchaga_wa_Machame: Ni potwe mama, aliwaona kwenye runinga. Nasogeza hadi Novemba.