Kuzindua albamu uwanja wa wazi Dodoma: maiki zinapiga yowe

Swali: Wakuu, sisi ni kundi la watu wawili: gitaa, kinanda na biti za laptop. Uzinduzi ni Agosti, uwanja wa wazi. Mazoezini maiki zinapiga yowe. Tufanyeje?

Jibu: Spika kuu zikae mbele ya maiki, zielekee watu. Zikiwa nyuma yenu, sauti inarudi kwenye maiki na kuzunguka. Yowe linatoka hapo. Kata besi (sauti nzito) chini ya hezi 100 kwenye maiki za kuimbia, kisha punguza monita, yaani spika zinazowaelekea nyinyi jukwaani. Usikimbilie kushusha sauti yote, mtaua shoo.

Jibu: Vaeni maiki sponji! Upepo wa Agosti hapa ni mkali. Mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ifunikwe, vumbi linakwamisha vitelezi vyake vya kupandisha na kushusha sauti.

Jibu: Laptop iwe hali ya ndege, milio ya ujumbe isitokee spikani. Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kifuatilieni mapema.