Mrejesho: dada yangu aliyepata kiharusi

Wakuu niliwauliza inakuwaje dada kapooza mkono wa kulia, maneno hayatoki, halafu CT scan (picha ya ubongo) inasoma safi. Asanteni sana mliokomaa apigwe MRI, picha ya ubongo ya kina zaidi, imeonyesha doa upande wa kushoto pale panapohusika na kuongea, kumbe CT ya masaa ya mwanzo damu ikivuja inaiona ila mshipa ukiziba mara nyingi bado haionekani kitu.

Chanzo mpaka sasa hakijulikani, presha sawa, sukari sawa, eko ya moyo (ultrasound ya moyo) sawa, kavalishwa kamashine ka kurekodi mapigo maana yanaweza kuvurugika kisha yakatulia kabla daktari hajayakuta. Anameza aspirini na dawa ya kolestro. Vifungo vya shati anafunga mwenyewe, jina la mwanae linakwama katikati lakini analimaliza! Mazoezi ya kuongea hatuachi ng'o.