Mrejesho: Mitungi ya haloni 1301 kwenye chumba cha seva

Wakuu, niliwauliza namna ya kuondoa mitungi ya zamani ya haloni 1301, gesi ya kuzimia moto, na nini kiwekwe badala yake. Kazi imekamilika, asanteni sana.

Aliyenionya nisikubali gesi iachiwe hewani alisema kweli tupu. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, inaihesabu haloni hiyo kuwa na uwezo wa kuharibu ozoni mara 10 ya CFC-11, gesi inayotumika kama kipimo cha kulinganishia, na nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha mwaka 1994. Yetu imepelekwa kusafishwa itumike tena, maana ndege bado zinaihitaji kuzimia moto.

Fundi alianza kwa kutenganisha kifyatulio cha valvu (kile kinachoifungua gesi itoke), akafunga kizibo cha usalama kwenye mdomo wa kila mtungi, ndipo akalegeza mikanda ya ukutani. Mpangilio huo msiuruke jamani! Mtungi ukifyatuka bila kizibo unaruka kama kombora, na unaua.

Badala ya haloni tumeweka naitrojeni. HFC-227ea, gesi nyingine ya kuzimia moto, niliikataa: haiharibu ozoni, ila inapasha dunia joto mno, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki hiyo ya Montreal, yanaibana. Naitrojeni inataka mitungi mingi zaidi, pamoja na tundu la kupunguzia shinikizo, la sivyo gesi ikiachiwa kuta za chumba zinaweza kupasuka. Mwenye chumba kidogo apime nafasi kwanza.