Naomba ushauri: navukaje Morogoro Road na baiskeli bila kugongwa?

Habari zenu wakuu. Naishi Kigogo, Dar es Salaam, kazini Kinondoni, na kila asubuhi navuka Morogoro Road kwenye makutano ya Magomeni kwa baiskeli. Pale kuna njia za magari pande zote mbili, halafu katikati zile za mabasi ya mwendokasi.

Shida yangu kubwa ni magari yanayokata kushoto. Mimi nanyoosha, nimebana kushoto kama sheria inavyotaka, taa inawaka kijani, mara daladala inanikatia mbele. Jumanne lori lilikata hivyohivyo. Tairi la nyuma likapita karibu na goti langu hadi nikasikia joto lake. Nilishuka nikakaa ukingoni, mikono inatetemeka. Nina watoto wawili.

Sasa nashuka na kukokota baiskeli kwenye kivuko cha pundamilia, lakini hata hapo bodaboda hawasimami taa ikiwa nyekundu.

Wazoefu, mnajipangaje pale kwenye taa: mnakaa mbele kabisa dereva awaone, au mnasubiri nyuma ya gari? Na jioni, kizibao cha kuakisi kinatosha, au ninunue na taa? Kioo cha pembeni je, kinasaidia kweli?